Santuri ya Mfiwa na Betri za Kuanika

Sisi tuliolelewa kwenye kambi za mkonge kule Korogwe hatukuwa na saa ukutani. Tulikuwa na king'ora. Kikilia alfajiri baba zetu wanatoka, kikilia mchana mama zetu wanasonga ugali, kikilia jioni sisi wa chandimu, mpira wa matambara, tunajua saa ya kuoga imefika, na miguu ilikuwa imepauka kwa vumbi hivi kwamba hakuna mama aliyehitaji kuuliza tulishinda wapi. Mwenzangu wa rika langu unayesoma hapa, uwe wa Magoma, wa Mkumbara au wa Mombo, najua unaisikia harufu ile ya mkonge uliosagwa, chachuchachu, inayoingia mpaka kwenye shuka. Wageni walikuwa wanaziba pua. Sisi tulipokwenda kutembelea ndugu Handeni tuliona hewa ya huko haina ladha.

Tulicheza kombolela katikati ya nyaya za kuanikia nyuzi za mkonge, zile nyeupe zinazoning'inia kama nywele za bibi kizee. Ilikuwa marufuku. Msimamizi akikukamata anakuchapa, halafu anakupeleka kwenu ukachapwe tena, na baba anamshukuru. Leo mwalimu akimgusa mtoto sikio, mzazi anafika shuleni na bodaboda. Tulikula bada, ugali wa muhogo, na mlenda, tukala mabungo mpaka meno yakafa ganzi, na hakuna aliyetuuliza kama tumependa. Chakula kilikuwa kinaliwa, hakijadiliwi.

Halafu ilikuwa enzi za foleni. Nani asiyeikumbuka? Sabuni inakatwa vipande, sukari inapimwa kwa kikombe, na betri, ah, betri mpya ilikuwa kitu cha kumwonyesha mgeni. Betri ikinunuliwa inaanza maisha kwenye redio, kwa ajili ya taarifa ya habari ya baba. Redio ikianza kukoroma, betri inahamia kwenye tochi. Tochi ikigeuka rangi ya chai, betri haitupwi, uitupe una wazimu? Inaanikwa juu ya bati. Inashinda juani, jioni inashushwa, inaumwaumwa meno kitakoni, inapigwa vikofi viwili vitatu kama mtoto aliyepaliwa, inarudishwa kazini. Vijana wa leo simu ikibaki na chaji kidogo wanaanza kutetemeka. Sisi tuliishi na chaji kidogo utoto mzima.

Baba yangu alikuwa anatia grisi kwenye korona, ile mashine ya kusaga mkonge. Alifanya kazi na kijana mmoja wa Kizungu, fundi wa mashine, mtu mpole, anayesema "shikamoo" hata kwa watoto, na sisi tunaitikia "marahaba" bila aibu. Mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao, na vitu asivyoweza kubeba akavigawa. Wenzake baba walipata viatu, sufuria, na mmoja alipata koti la mvua ambalo alilivaa kiangazi chote. Baba akapata gramafoni ndogo ya mkononi pamoja na kasha la santuri.

Kambi nzima ilihamia kwetu siku hiyo. Watu walitegemea dansi, labda na rumba. Gramafoni ya Mzungu ilizoea umeme wa nyumba za wakubwa, lakini ilikuwa na tumbo la betri pia, na baba akalijaza betri zetu zile za kutoka juani. Akaweka sindano. Loo! Zikatoka sauti za watu wanaokokota kitu kizito kupanda mlima. Ngoma inapigwa, inapumzika, inafikiria, inapigwa tena. Waimbaji wanavuta maneno kama wagonjwa. Majirani walistahimili santuri mbili, wakaaga kwa adabu. Mzee wa nyumba ya pili akasema, "Kumbe kijana wa watu alikuwa na huzuni kiasi hiki, na sisi tunamtania kazini."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yetu. Kwamba huko Ulaya watu huimba hivyo, polepole, kwa uzito, kwa sababu ya baridi. Nasi watoto tukazoea, tukawapa waimbaji majina kwa jinsi wanavyolalamika. Ila mmoja jina lake alimpa mama, na hilo halikuwa la mzaha.

Tulikuwa na mdogo wetu, Mwanaidi. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, anatoka kwenye mkeka anafika kwenye kinu, anakaa, anapiga makofi kujipongeza. Surua ikapita kambini, ikamchukua. Sina maneno mengi hapo. Aliondoka asubuhi, akazikwa alasiri, kwa sababu ndivyo tunavyozika.

Na kwetu, nyote mnajua, maiti haililiwi kwa makelele. Bibi yangu, mama yake baba, Mzigua wa Handeni asiyecheka hovyo, alikuja kukaa na mama msibani. Kila mama alipofungua kinywa, bibi alimshika bega: "Machozi yatoke, mwanangu. Sauti ibaki ndani. Ukipiga kelele unamtaabisha mtoto." Wala hakumwambia kwa ukali, ndivyo alivyofundishwa na yeye, maana naye alikuwa amezika wake. Mama akatii. Alilia bila sauti mpaka mabega yakawa yanamruka, na sisi watoto tukawa tunamwogopa, bora angepiga kelele.

Msiba ukapita, watu wakatawanyika, bibi akabaki. Siku moja jioni, baba kazini, kaka yangu akafungua gramafoni akaweka santuri mojawapo kwa sauti ndogo. Alikuwa mmoja kati ya wale waimbaji wetu, mwenye sauti nene iliyopasuka, anaanza chini, anapanda, anafika mahali anapiga ukelele mrefu, "Aaaaa," mrefu kama barabara ya Handeni, halafu anarudi chini akinung'unika. Bibi akatoka jikoni na mwiko.

"Nyumba ina msiba mnapiga ngoma?"

Mama ndiye aliyejibu, na hatukuwa tumemsikia akizungumza kwa siku kadhaa. "Mama, hii si ngoma. Hebu msikilize. Huyu mtu kafiwa."

Bibi akasimama na mwiko wake, akasikiliza. Ukelele ulipofika akatikisa kichwa. "Maskini," akasema. "Kafa nani kwao?"

Kuanzia hapo jina lake likawa Mfiwa. Na ikawa desturi ya nyumba yetu. Magharibi ikikaribia, mama anakaa kizingitini na ungo wake, anasema, "Niwekeeni Mfiwa wangu." Tunamwekea. Yule mtu analia kwa sauti, kwa niaba yake, na hakuna wa kumshika bega. Mama anapepeta mchele, mabega yametulia. Bibi naye kila wimbo unapokwisha anasema, "Pole yake," anaendelea na tumbaku yake. Tulilelewa hivyo, na hatukuona ajabu yoyote.

Ajabu ilikuja karibu na sikukuu ya Idd. Mnajua usafi wa Idd wa mama zetu: kila kinachobebeka kinatolewa nje kinasuguliwa, hata kuku walikuwa wanakimbilia kwa jirani. Mama akaona santuri zimejaa vumbi, Mfiwa anakwaruza koo. Akachukua sabuni, sabuni ile ya foleni, kipande alichokuwa amekificha kwa ajili ya nguo zetu za sikukuu, akaziosha moja moja, pande zote, mpaka karatasi za katikati zikalainika zikatoka. Halafu akafanya alichofanya kila siku kwa kitu kilichochoka ambacho anataka kirudi na nguvu. Akazianika juu ya bati, pembeni ya betri.

Jua la Korogwe la mchana, juu ya bati. Jioni baba alipopanda kuzishusha, zilikuwa zimejikunja kama chapati zilizosahauliwa. Akajaribu kuzinyoosha kwa mkono, kwa tofali, kwa kuzilalia. Wapi! Sindano ilikuwa inaruka kama panzi. Mama aliipokea ile ya Mfiwa, akaitazama pande zote mbili, akasema, "Na huyu naye kaenda." Akaingia ndani kukoroga futari. Mpaka leo sijamsikia akilisema jambo hilo zaidi ya hapo, ila nilijua, na kaka yangu alijua, kwamba aliona amezika mara mbili, na mara ya pili kwa mkono wake.

Jina la wimbo hatukulijua. Karatasi ya katikati iliyeyuka, na majalada ya nje yalikuwa yameshafunikia madaftari yetu ya shule, maana karatasi ngumu hiyo uipate wapi? La kwangu lilifunika daftari la hesabu: kijana mwembamba, nywele zimesimama, amejichoma pini ya nepi sikioni. Mwalimu alinicharaza kwa ajili ya ile picha.

Nikakua, nikawa dereva wa mabasi ya Tanga kwenda Arusha. Miaka mingi nimesimama Mombo abiria wakinunua nyama choma na machungwa, na kila mji niliofika nilikuwa na swali moja, la kumtafuta Mfiwa. Siku moja pale Arusha, muuza vitu vikuukuu alinisikiliza nikimweleza picha ya daftari langu, pini na nywele, akasema, "Dereva, hiyo ni panki, muziki wa fujo wa vijana wa Kizungu." Nikamwambia panki ni kunyoa. Akacheka, akanitolea santuri yenye kijana mwingine wa namna ileile. Basi hapo ndipo nilipoingia kwenye ugonjwa ambao mke wangu anausimulia kwa wageni.

Nilinunua panki popote ilipotokea. Kwa Wazungu wanaofunga nyumba, kwa watoto wa mabaharia Tanga, kwa madereva wenzangu wa malori waliokuwa wakiniletea kutoka Mombasa zikiwa zimefungwa kwenye khanga. Nilijifunza kwamba zinasimamishwa, hazilazwi, na kwamba basi lina joto la kuua santuri kuliko bati. Nilijifunza kutambua chapa ya kwanza, ile ya asili, iliyotoka kabla wimbo haujajulikana: unatazama karibu na karatasi ya katikati, unakuta herufi zimekwaruzwa kwa mkono wa mtu. Makondakta wangu waliniita Baba Sahani. Mke wangu alisema, "Wenzio wanaleta masufuria, wewe unaleta mifuniko." Nikawa na rafu nzima hapa Handeni, na leo kuna watu wa mbali wananiandikia wakitaka kuziona. Wanadhani napenda panki. Mimi nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu.

Na sikumpata. Panki zote ni za mbio! Wanaimba kama wanaofukuzwa na nyuki, wimbo unakwisha hujakaa vizuri. Nilimwuliza kila muuzaji: hakuna ya taratibu, ya kuomboleza, mtu analia "Aaaaa"? Wananitazama kama nimeomba pilipili tamu. Binti yangu, msomi wa Dar, akaniambia, "Baba, wewe uimbie puani tu, simu itasikiliza ikwambie jina." Nikauimbia puani, mtu mzima mimi, mbele ya mkwe. Simu ikafikiri sana. Ikaniletea kwaya ya pasaka.

Mama alikuwa ananiuliza kila nilipokwenda kumsalimu. "Yule wangu bado?" Bado, mama. Baba akafariki, bibi alishatangulia zamani, na mama alipoanza kushindwa kuteka maji nikamleta nyumbani kwangu Handeni. Mwaka huu amepungua sana. Macho hayaoni, miguu imevimba, na hospitali walituambia kwa upole kwamba tukae naye nyumbani. Naye kila nikimpelekea uji ananiuliza swali lilelile, bila lawama, kama anayeuliza mvua. Nilikuwa nalala na lile swali. Mtu ametafuta nchi nzima, ana rafu imejaa, na kitu kimoja alichowahi kuombwa na mama yake hana.

Basi alasiri moja umeme ukakatika, kama kawaida yake. Nilikuwa sebuleni napangusa santuri zangu. Ninayo gramafoni moja ya betri, kuukuu, niliyoinunua kwa ajili ya siku za namna hiyo. Nikaichukua, nikaweka santuri iliyokuwa juu, moja ya zile chapa za kwanza ninazojivunia, nimekaa nayo miaka, wimbo wa mbio na makelele ambao naujua kichwani. Betri zilikuwa zimekaa humo tangu sijui lini. Sindano ikashuka, wimbo ukaanza kukokota. Nikasonya, nikanyanyuka kutafuta betri nyingine.

Kutoka chumba cha ndani nikasikia, "Huyo!"

Nikadhani ameanguka. Nikakimbia, nikamkuta amekaa kitandani, amejinyanyua mwenyewe, mkono umeinuka.

"Huyo! Mfiwa huyo! Mwanangu, umempata!"

Nami pale mlangoni ndipo masikio yalipofunguka. Ngoma inapigwa, inapumzika, inafikiria. Sauti nene, iliyopasuka, inaanza chini. Ukafika ukelele, mrefu kama barabara ya Handeni. Alikuwa nyumbani kwangu miaka yote hiyo. Nilimpangusa, nilimwonyesha wageni, nilijisifia herufi zake za mkono, na sikumjua, kwa sababu kila mara nilimlisha umeme mzuri. Sisi hatukuwahi hata siku moja kumsikia mtu yule akiimba. Tulizisikia betri zetu.

Umeme ukarudi tungali tunasikiliza. Kwa wazimu wa furaha nikataka mama amsikie vizuri, nikahamishia santuri kwenye gramafoni kubwa. Wimbo ukaondoka mbio. Uso wa mama ukakunjamana.

"Na huyu anayefoka ni nani?"

"Ni yeye, mama. Ni yuleyule."

"Acha utani. Huyu ana hasira zake, sijui kagombana na nani. Wangu kafiwa. Nirudishie wangu."

Nikamrudishia, kwenye betri zile chovu. Nikakaa naye kitandani. Lakini mimi, enyi ndugu, nimesoma mpaka kidato cha nne, na Kiingereza cha abiria nakijua. Maneno ya ule wimbo nayafahamu siku nyingi. Kijana yule anasimulia kwamba alikuwa kituoni, mvua inanyesha, basi likampita bila kusimama, na anamtukana dereva. Ndiyo, anamtukana dereva! Ule ukelele mrefu ni pale anapoliona linapotelea mbali. Nikaona si haki mama aendelee kudanganyika, au labda nilitaka tu tucheke pamoja. Nikaanza, "Mama, unajua huyu anasema nini hasa?"

Akanifunga mdomo kwa kiganja, kiganja chake kile kikavu.

"Nyamaza. Usinifasirie. Mimi na yeye tulishaelewana."

Ukelele ukafika. Na mama, bi mkubwa wa nyumba nzima, ambaye juu yake hakuna tena mkwe wala bibi wa kumshika bega, akafungua kinywa akalia naye. Kwa sauti. Akaita, "Mwanaidi! Mwanaidi wangu!" mpaka mke wangu akatoka jikoni mbio na jirani akachungulia uani. Nikawapungia mkono wasije. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina lile likitoka kinywani mwake tangu alasiri ile tuliyozika. Nikamwacha alie mpaka sindano ikafika katikati, nikamwekea tena.

Mama bado tunaye, Mungu ni mwema, na wajukuu nimewapiga marufuku kugusa betri za gramafoni ile. Zikizidi kuchoka naziweka juani kidogo, na binti yangu ananicheka, anasema betri mpya zimejaa kila duka. Anasema kweli. Siku hizi kila kitu kimejaa. Mtu akifiwa anaweka picha kwenye simu, chini yake wimbo wa huzuni aliochaguliwa na simu yenyewe, na kabla ya maziko watu mia wameshamlilia, na nusu yao hata marehemu hawamfahamu. Siwalaumu, ni wakati wao, na pengine wanafarijika kuliko sisi. Mama yangu alikuwa na mtu mmoja tu wa kumsaidia kulia, na huyo mwenyewe alikuwa analalamikia basi.